Akishatoka wodini na pampu mkononi, nani anamfuata nyumbani?

Wagonjwa wengi wa maradhi sugu ya mapafu huzidiwa tena wiki chache baada ya kuruhusiwa. Majaribio ya zaidi ya miaka 20 yanaonyesha kwamba muuguzi anaweza kuwaokoa na safari ya kurudi hospitalini, lakini si kwa ziara ya kujulia hali na kutoa ushauri peke yake.

Siku mgonjwa wa mapafu anaporuhusiwa, mambo huenda haraka. Daktari anasaini karatasi kwenye raundi ya asubuhi, ndugu wanakwenda dirishani kulipa, muuguzi anakabidhi mfuko wa dawa na kueleza mara moja kila dawa inavyotumika. Kufikia mchana kitanda kimeshapata mtu mwingine. Mgonjwa yuko njiani kwenye bajaji, na kwenye kadi yake imeandikwa tarehe ya kliniki, mara nyingi ya mwezi ujao.

Mwezi huo ndio wenye hatari. Mapafu yaliyozidiwa huchukua wiki kadhaa kurejea hali yake ya awali, na yapo yasiyorejea kabisa. Aliyezidiwa mara moja huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa tena ndani ya wiki 8 zinazofuata. Nchini Marekani, ambako bima ya serikali kwa wazee, Medicare, huhesabu kila anayelazwa, karibu mgonjwa 1 kati ya 5 hurudi hospitalini kabla siku 30 hazijaisha.

Swali ni nani anayemwangalia mgonjwa katika siku hizo. Wodi imeshamaliza naye, kliniki bado haijamwona, na zahanati ya karibu na kwake pengine haina habari kwamba alilazwa.

Kifua kinachobana bila kuachia

Ugonjwa wenyewe ni ule wa kudumu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao madaktari huuita kwa kifupi COPD. Mirija inayopitisha hewa huvimba, husinyaa na kutoa makohozi mengi. Vifuko vidogo vilivyo mwishoni mwa mirija hiyo, ambamo oksijeni huingia kwenye damu, hubomoka kidogo kidogo. Hewa huingia kwa shida na hutoka kwa shida zaidi, hata nyingine ikanasa ndani.

Pumu hubana kisha ikaachia. Ugonjwa huu hauachii, na kwa miaka mingi mtu hudhani ni uzee tu, au kikohozi cha baridi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa COPD iliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, ikashika nafasi ya nne miongoni mwa visababishi vya vifo duniani. Kati ya wanaokufa kabla ya kufikisha miaka 70, karibu asilimia 90 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati.

Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa waliupata kwa sigara. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati sigara inabeba asilimia 30 hadi 40 tu. Mzigo mwingine mkubwa umo jikoni, katika moshi wa kuni, mkaa na mabua unaovutwa tangu utotoni na wanawake ambao hawajawahi kuwasha sigara.

Utafiti uliofanywa wilayani Masindi, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2015, ulipima mapafu ya watu 588 wenye zaidi ya miaka 30. Asilimia 16.2 walikuwa na COPD, na kundi la umri lililokuwa na wagonjwa wengi kuliko mengine lilikuwa la vijana wa miaka thelathini na kitu.

Kifua kikuu nacho kina sehemu yake. Dawa huua vimelea, lakini makovu hubaki. Mtu aliyetangazwa kupona anaweza kuishi na mapafu yaliyosinyaa, yenye mashimo au mirija iliyotanuka. Suala hili lilicheleweshwa mno. Mkutano wa kwanza wa kimataifa kulihusu ulifanyika Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 2019. Ingawa makovu hayo si COPD kwa kila hali, mahitaji ya mgonjwa baada ya kutoka wodini yanafanana sana.

> Mwanamke ambaye hajawahi kuwasha sigara anaweza kuupata ugonjwa huu kwa moshi wa mafiga matatu.

Kinachowarudisha hospitalini

Sababu ya kwanza iko mikononi mwa mgonjwa mwenyewe: pampu. Dawa ya kuvuta inataka itikiswe, mtu atoe pumzi yote, afumbe midomo kuzunguka mdomo wa pampu, abonyeze huku akivuta taratibu na kwa kina, kisha azuie pumzi kwa takriban sekunde 10. Anayebonyeza kwanza na kuvuta baadaye huishia kuitemea koo dawa. Mapafu hayapati kitu, na mgonjwa husema dawa haimfai.

Kosa hili halionekani kwenye karatasi wala kwenye kipimo cha damu. Linaonekana pale tu mgonjwa anapoombwa aitumie pampu mbele ya mtu anayejua. Maelezo ya mara moja, yanayotolewa wakati mgonjwa anawaza nauli na bili, hayatoshi.

Chombo cha kumsaidia asiyeweza kulinganisha kubonyeza na kuvuta kipo, nacho huitwa spesa. Panapokosekana, chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitako ili pampu iingie sawasawa hufanya kazi hiyo. Jaribio la Heather Zar na wenzake mjini Cape Town, lililochapishwa mwaka 1999, lilionyesha kuwa kwa watoto wenye pumu chupa hiyo haikupitwa na spesa ya dukani. Ni maarifa ya bei ya chupa tupu ya maji, na yalistahili kufika katika kila wodi.

Sababu ya pili ni fedha. Dawa za wiki ya kwanza hutoka hospitali, za wiki ya tatu hutoka mfukoni. Pampu ya kutuliza, salbutamoli, hupatikana kwa urahisi kuliko zile za kuzuia kuzidiwa, hivyo mgonjwa hubaki na ya kutuliza peke yake na kuitumia mara nyingi zaidi kadiri kifua kinavyobana.

Ya tatu ni udhaifu wa mwili. Siku chache kitandani hupunguza nguvu za mapaja. Mgonjwa akifika nyumbani hushindwa kwenda msalani bila kutweta, akaogopa kutembea, akakaa. Kadiri anavyokaa ndivyo misuli inavyopungua, na safari inayofuata ya kwenda msalani humtwetesha zaidi.

Ya nne ni nyumba yenyewe. Mama aliyetolewa moshi kifuani kwa siku 5 za oksijeni na vidonge anarudi kwenye jiko lilelile, chini ya paa lilelile lisilo na tundu la kutolea moshi. Fundi seremala anarudi kwenye vumbi la mbao. Faili la wodini haliandiki jiko liko wapi.

Kisha kuna maradhi mengine yanayokaa mwilini pamoja na hili: moyo uliochoka, shinikizo la damu, kisukari, wasiwasi na huzuni. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa sehemu kubwa ya wanaorudi ndani ya siku 30 hawarudishwi na COPD yenyewe. Ndiyo maana anayemfuata mgonjwa nyumbani hawezi kuwa mtu wa pampu pekee.

Muuguzi anafanya nini hasa

Kazi inayotakiwa haina maajabu. Huanza kabla mgonjwa hajatoka: muuguzi humtazama akivuta dawa, hukagua kama anaelewa ipi ni ya kila siku na ipi ni ya dharura, na humwandikia kwa lugha yake nini afanye akiona mabadiliko.

Uingereza imeipanga kazi hiyo kwenye orodha fupi ambayo kila mgonjwa wa COPD anapaswa kukamilishiwa kabla ya kuruhusiwa. Orodha hiyo ilianzia hospitali za kaskazini magharibi mwa London, kisha ikaenea nchini. Ina mambo matano: matumizi ya pampu, mpango wa maandishi pamoja na dawa za akiba, msaada wa kuacha sigara, rufaa ya mazoezi ya mapafu, na ufuatiliaji, ukiwemo upigaji simu ndani ya saa 72.

Nyumbani kazi huwa pana zaidi. Muuguzi huhesabu pumzi kwa dakika, hupima oksijeni kwa kifaa cha kidoleni, huuliza rangi na wingi wa makohozi, hutazama miguu kama imevimba. Hufungua mfuko wa dawa na kuhesabu zilizobaki. Huingia jikoni.

Humfundisha mgonjwa kupumua akiwa amebana midomo kama anayepoza chai ya moto, ili hewa iliyonasa itoke kabla ya nyingine kuingia. Humwonyesha namna ya kukaa akiwa ameegemea mbele, viwiko juu ya magoti, kifua kinapobana. Humwanzisha kutembea: leo hadi mlangoni, kesho hadi kwa jirani.

Mazoezi haya yanaonekana madogo, lakini faida inayohusishwa nayo ni kubwa. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia wagonjwa 197,376 wa Medicare waliotoka hospitali mwaka 2014. Walioanza programu rasmi ya mazoezi ya mapafu ndani ya siku 90 walikuwa asilimia 1.5 tu. Kati yao, waliofariki ndani ya mwaka walikuwa asilimia 7.3, kati ya wengine, asilimia 19.6. Bila shaka wenye nguvu ndio wanaoweza kuhudhuria mazoezi, kwa hiyo pengo lote haliwezi kuhesabiwa kuwa ni kazi ya mazoezi. Hata watafiti walipozingatia tofauti walizoweza kuzipima, walioanza mapema bado walionekana kuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuishi.

Uganda imeonyesha kuwa jambo hilo linawezekana bila mitambo ya gharama. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watu walioachiwa makovu na kifua kikuu waliwekwa kwenye programu ya mazoezi na elimu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yakaonyesha maendeleo ya kutia moyo katika uwezo wao wa kutembea na hali ya maisha.

Majaribio yaliyogawanyika

Kama ziara za muuguzi zingekuwa na faida kila mara, mjadala ungekuwa umekwisha. Haujaisha, na wanaotaka huduma hii ianzishwe wanapaswa kuisoma historia yake yote, pamoja na kurasa zinazoumiza.

Jaribio lililotia moyo kuliko yote lilifanyika katika jimbo la Québec, Kanada, likachapishwa mwaka 2003 na Jean Bourbeau na wenzake. Wagonjwa 191 wa hospitali 7 walishiriki. Nusu yao walitembelewa nyumbani na mtaalamu karibu kila wiki kwa takriban miezi 2, kisha wakapigiwa simu kila mwezi. Katika mwaka mmoja, kulazwa kwa sababu ya kuzidiwa kulipungua kwa karibu asilimia 40 kuliko kwa wenzao.

Mwaka 2006 yakaja matokeo ya Barcelona, Hispania, na Leuven, Ubelgiji. Wagonjwa 155 walifuatiliwa mwaka mzima tangu siku ya kuruhusiwa. Kila mgonjwa wa kundi moja alipangiwa mpango wake mwenyewe, ukashirikishwa kwa wahudumu wa mtaani kwake, na akapewa namba ya simu ya muuguzi bingwa. Asilimia 49 ya kundi hilo hawakulazwa tena. Kwenye kundi la huduma ya kawaida walikuwa asilimia 31.

Sydney, Australia, ilipata jibu tofauti. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 177, ambapo baadhi walitembelewa na muuguzi wiki ya kwanza na wiki ya nne baada ya kutoka hospitali. Waliotembelewa waliujua ugonjwa wao vizuri zaidi. Waliorudi kulazwa hawakupungua.

Glasgow, Uskoti, nayo haikuona tofauti kwa kundi zima la wagonjwa 464 katika jaribio la mwaka 2012. Lakini ndani ya kundi lililosaidiwa, asilimia 42 walijifunza kweli kusimamia ugonjwa wao, na hao walipungukiwa na hatari ya kulazwa.

Ukurasa mgumu kuliko yote unatoka hospitali za maveterani wa jeshi la Marekani. Mwaka 2010 jaribio la wagonjwa 743 lilionyesha kuwa somo moja, mpango wa maandishi, dawa za akiba na simu za kila mwezi vilipunguza kulazwa na safari za dharura kwa asilimia 41. Miaka miwili baadaye jaribio lingine, lenye wagonjwa 426 katika hospitali 20 na lenye mpango unaokaribiana na ule, lilisimamishwa kabla ya wakati. Katika kundi lililosaidiwa walikuwa wamekufa watu 28. Katika kundi jingine, 10. Sababu haikupata maelezo ya kuridhisha.

Na mwaka 2018 jarida la tiba la JAMA lilichapisha jaribio la Baltimore, Marekani, la wagonjwa 240, lililoonyesha kuwa wauguzi waliowafuata wagonjwa kwa miezi 3 walipunguza safari za hospitali. Watafiti wenyewe baadaye waligundua kuwa makundi mawili yalibadilishana majina kwenye kompyuta. Mwaka 2019 makala ilifutwa na kuandikwa upya: waliosaidiwa ndio waliorudi zaidi, wastani wa mara 1.40 kwa kila mgonjwa katika miezi 6, dhidi ya 0.72.

> Ziara mbili za ushauri ziliwafanya wagonjwa wa Sydney waujue ugonjwa wao. Hazikuwazuia kurudi wodini.

Yakisomwa kwa pamoja, majaribio haya hayaamui kuwa muuguzi hana faida. Yanaonyesha kwamba anachopewa kufanya ndicho chenye uzito. Québec alirudi kila wiki mpaka mgonjwa akaelewa. Barcelona alikuwa na simu inayopokelewa na mlango wa daktari ulio wazi. Sydney alifika mara mbili akaondoka. Na yaliyotokea kwa maveterani yanatahadharisha kuwa kumwachia mgonjwa dhaifu vidonge vya akiba na maelekezo, hata akipigiwa simu, si jambo salama peke yake. Kila mpango wa aina hii unapaswa kuhesabu vifo tangu siku ya kwanza.

Kuna pia suala la namna ya kuhesabu mafanikio. Muuguzi mwangalifu anayemkuta mgonjwa amezidiwa atamrudisha hospitali, na pengine atamwokoa. Kwenye jedwali la takwimu uokoaji huo huandikwa kama kushindwa.

Hospitali ndani ya nyumba

Uingereza ilikwenda hatua moja mbele. Mwaka 2000 Edinburgh na Liverpool zilichapisha majaribio ya kuwatibu nyumbani wagonjwa waliofika hospitalini wakiwa wamezidiwa lakini wasio mahututi. Walipimwa, wakapewa dawa, nebulaiza na oksijeni pale ilipohitajika, wakarudishwa nyumbani, na muuguzi wa mapafu akawatembelea huku akiripoti kwa daktari wa hospitali.

Uchambuzi wa majaribio 8 ya namna hiyo, yenye wagonjwa 870, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa waliotibiwa nyumbani walipungukiwa na uwezekano wa kulazwa tena kwa takriban robo, bila dalili kwamba vifo viliongezeka. Masharti yake ni makali. Mgonjwa awe na akili timamu, asiwe na hewa chafu (kaboni dioksidi) iliyozidi kwenye damu, na awe na mtu wa kukaa naye. Zaidi ya yote, awepo muuguzi anayefika kweli.

Nani alipe

Marekani ilichagua adhabu. Tangu Oktoba 2012 hospitali zenye wagonjwa wengi wanaorudi ndani ya siku 30 hukatwa sehemu ya malipo ya Medicare, hadi asilimia 3, na COPD iliongezwa kwenye mpango huo mwaka 2014. Wanaoutetea wanasema uliwalazimisha wakurugenzi kumfikiria mgonjwa baada ya geti. Wanaoupinga wanasema unaziadhibu hospitali zinazohudumia masikini kwa makosa ya nyumba mbovu na dawa ghali, mambo ambayo hospitali haikuyaumba.

Uingereza ilichagua motisha: tangu 2017 hospitali hulipwa zaidi ikiwa angalau asilimia 60 ya wagonjwa wa COPD wanaonwa na bingwa ndani ya saa 24 na kukamilishiwa ile orodha kabla ya kutoka.

Katika Afrika Mashariki ugomvi ni wa namna nyingine. Bima, kwa aliye nayo, imezoea kulipia kinachofanyika ndani ya kituo: kitanda, kipimo, dawa. Saa moja ya muuguzi kwenye kochi la mgonjwa haina pa kuandikwa. Wasimamizi wa hospitali nao wana hoja isiyopuuzika. Wodi yenye wauguzi wawili kwa zamu ya usiku haiwezi kumtoa mmoja kwenda mitaani.

Lakini kitanda kinachokaliwa mara tatu kwa mwaka na mgonjwa yuleyule nacho kina gharama, na zamu hiyohiyo ya wauguzi wawili ndiyo inayoibeba. Hoja ya uhaba inahusu zaidi nani aende nyumbani. Haimaanishi kwamba asiende mtu.

Njia iliyokwisha kupitiwa

Eneo hili halianzi kutoka sifuri. Wodi zilipofurika wagonjwa wa Ukimwi katika miaka ya 1980 na 1990, huduma ilihamia majumbani. Shirika la TASO la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1987, lilikuwa miongoni mwa waliotangulia. Tanzania na Kenya zilijenga huduma za wagonjwa majumbani, wahudumu wakitembea na mkoba wa glavu, sabuni na vidonge vya maumivu. Kifua kikuu nacho kilizoesha jamii utaratibu wa mtu wa karibu kusimamia kila kidonge kinachomezwa.

Mfano wenye mafunzo makubwa zaidi ni wa Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993. Wauguzi wake waliwafuata wagonjwa wa saratani nyumbani, lakini maumivu yalitaka mofini, na mofini ilitaka saini ya daktari. Mwaka 2004 Uganda ikabadili kanuni, wauguzi waliopata mafunzo maalumu wakaruhusiwa kuiandika. Nchi hiyo haikuongeza madaktari. Ilimpa muuguzi mamlaka yaliyolingana na kazi aliyokuwa akiifanya tayari, na hicho ndicho muuguzi wa mapafu anachokosa.

Jeshi la kutembea nyumba kwa nyumba nalo lipo. Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 Septemba 2023. Tanzania ilizindua Januari 2024 mpango wa kuwafunza wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka 5.

Hawa si wauguzi na hawapaswi kugeuzwa wauguzi. Mhudumu wa jamii anaweza kuuliza kama makohozi yamebadilika rangi, kutazama pampu inavyotumika, kusoma kipimo cha kidoleni na kupiga simu. Aliye upande wa pili wa simu lazima awe muuguzi aliyefunzwa maradhi ya mapafu, mwenye idhini ya kuanzisha vidonge vya prednisoloni kwa siku 5 au antibayotiki chini ya mwongozo ulioandikwa, na mwenye daktari wa kumuuliza. Bila muuguzi huyo, mhudumu wa jamii atarudia yaliyotokea Sydney.

> Uganda haikuongeza madaktari mwaka 2004. Ilimpa muuguzi mamlaka yaliyolingana na kazi yake.

Oksijeni na uniti za umeme

Wagonjwa wachache, wale ambao oksijeni ya damu imeshuka sana hata wakiwa wametulia, huongezewa maisha na oksijeni ya nyumbani. Hilo limejulikana tangu majaribio mawili makubwa, moja la Marekani la mwaka 1980 na jingine la Uingereza la mwaka 1981. Sharti ni kwamba itumike angalau saa 15 kwa siku.

Mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani hula takriban wati 350. Kwa saa 15 ni uniti 5 hivi kila siku, zaidi ya uniti 150 kwa mwezi. Nchini Tanzania bei nafuu ya umeme kwa kaya ndogo huishia uniti 75 kwa mwezi. Kaya inayopewa mashine hiyo inavuka mpaka wa unafuu kabla ya kuwasha taa, na umeme ukikatika inahitaji mtungi wa akiba.

Kwa hiyo kumkabidhi mgonjwa mashine bila kumhesabia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni kumpa tiba nusu. Muuguzi anayefika nyumbani ndiye atakayegundua kuwa mashine huwashwa usiku tu, kwa sababu ya bei.

Oksijeni ina hatari zake pia. Kwa mgonjwa wa COPD lengo ni asilimia 88 hadi 92 kwenye kipimo cha kidoleni, na kuipandisha hadi 99 kwa nia njema kunaweza kumlimbikizia hewa chafu mpaka akalegea na kusinzia. Na mahali ilipo oksijeni, sigara na moto wa jikoni ni hatari ya kulipuka kwa moto.

Pumzi za mwisho

Kwa baadhi ya wagonjwa hakuna tena kupona kwa kurejea kazini. Wanaishi miaka wakitweta, wakilala wameketi, wakiogopa usiku. Saratani imezoeleka kupewa tiba shufaa; mapafu mabovu mara chache, ingawa mateso hayapungui.

Kwa hao muuguzi huleta mambo madogo yenye nafuu: feni usoni, mto wa kuegemea, kupanga siku ili nguvu chache zitumike kwa lenye maana, mazungumzo na familia juu ya nini mgonjwa anataka akizidiwa tena. Mofini kwa dozi ndogo hutumika kupunguza hisia ya kukosa hewa, japokuwa tafiti zimegawanyika juu ya nguvu yake kwa wagonjwa wa COPD, na inahitaji uangalizi wa karibu.

Kabla ya kutoka getini

Miongozo ya kimataifa ya COPD, inayotolewa na jopo la GOLD tangu 2001, inataka mgonjwa aonwe ndani ya wiki 1 hadi 4 baada ya kutoka, kisha tena kati ya wiki ya 12 na ya 16. Hospitali ya wilaya isiyo na bajeti mpya inaweza kuanza na sehemu ya kwanza ya hilo: simu ya muuguzi siku ya tatu, kwa kila mgonjwa wa mapafu aliyeruhusiwa, na jina lake kupelekwa zahanati ya kwao.

Familia nayo isiondoke wodini kabla ya kumwona mgonjwa wao akiitumia pampu mbele ya muuguzi, na kabla ya kupata namba ya simu itakayopokelewa. Ikiulizwa kwa upole, hakuna wodi yenye sababu ya kuinyima.

Nyumbani, makohozi yakiongezeka au kugeuka ya njano au kijani, au pampu ya kutuliza ikihitajika mara nyingi kuliko kawaida, muuguzi apigiwe siku hiyohiyo. Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikibadilika rangi, akichanganyikiwa au akisinzia asivyo kawaida, asisubiri simu wala tarehe ya kliniki. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.